Mhariri, mvua ya Mlima Hanang sio mvua ya Katesh

Mhariri na wasomaji wenzangu, mbukwenyi. Nawaandikia kutoka Dodoma, soko la Majengo, nauza maharage na mbaazi kwa jumla na rejareja na mzigo wangu mkubwa natoa Katesh, mji uliopo chini ya Mlima Hanang, wilaya ya Hanang, huu mwaka wa kumi na nne. Juzi mmetoa ukurasa mzima wa Kilimanjaro na barafu yake inavyoisha, nimeusoma wote mpaka mwisho, kwa kweli inauma, maana sisi tulifundishwa shuleni kwamba kule juu theluji haiishi, leo unaambiwa mwaka 1912 barafu ilikuwa karibu kilomita za mraba 12 na ilipofika 2011 hazikufika hata mbili. Nilipofunga gazeti nikabaki nawaza, hivi mlima wetu sisi watu wa kati utaandikwa lini? Maana Hanang mkiuandika ni mpaka watu wafe, wakishazikwa basi, mlima unasahaulika mpaka msiba mwingine.

Nianze na kuutambulisha kwa wasioujua, maana hata hapa Dodoma ukisema Hanang wengi wanajua ni jina la wilaya tu. Hanang ni mlima wa nne kwa urefu Tanzania, mbele yake kuna Kilimanjaro yenye mita 5,895, Meru mita 4,566 na Loolmalasin ule wa kule nyanda za Ngorongoro, afu ndio unakuja huu wetu na mita zake 3,417. Upo mkoa wa Manyara, umesimama peke yake pembeni ya bonde la ufa, hauna mwenzake wa kushikana nae mkono, ndio maana ukitoka Singida na basi unauona muda mrefu sana kabla hujafika, kwanza kama kivuli cha bluu, baadae unaona una makunyanzi, baadae unakuta ni makorongo, yani yale makunyanzi yote uliyoyaona kwa mbali ni makorongo yameteremka kutoka juu mpaka chini kwenye mashamba na nyumba za watu. Hayo makorongo naomba myakumbuke nitayarudia.

Ni mlima wa volkano ya zamani. Umejengwa na lava na majivu, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka mingi sana, afu ukanyamaza. Kaskazini yake chini kabisa kuna Ziwa Balangida, maji ya chumvi, hayana pa kutokea, yakiingia yanakaa pale mpaka jua linayanywa na kuacha chumvi nyeupe ardhini. Wabarbaig, wafugaji wa huku, wanauheshimu huu mlima tangu mababu, na ukikaa nao utaelewa, kwao sio kilima cha kupigia picha, ni mahali mvua inapotoka. Na hapo ndipo mimi naona wazee walikuwa na akili kuliko sisi tunaosubiri kuambiwa na redio.

Mwezi wa tisa 2019 nilipanda. Tulikuwa tisa, wengi vijana wa kwaya na sisi watu wazima wawili, tukaanza saa kumi na moja alfajiri kutokea Katesh na mzee mmoja wa pale aliyekuwa anatuonyesha njia. Chini kulikuwa vumbi tupu, kiangazi kile kikali, nyasi zimekauka zinakatika ukizigusa. Tukapanda kama masaa mawili tukaingia msituni, na jamani, nilifikiri nimehama mkoa. Miti mikubwa, giza, na kwenye matawi kitu kama ndevu za kijivu zinaning'inia, ukizishika zina maji. Hakuna wingu linalonyesha, hakuna tone linalotoka mbinguni, lakini majani yanadondosha maji tap tap tap na ardhi chini imelowa, unateleza. Nikamuuliza yule mzee, baba hii mvua imenyesha lini? Akaniambia, "Mama, hii sio mvua, huu ni ukungu, miti inaukamata usiku." Nikasimama pale chini ya mti mmoja nikakinga kiganja, nikahesabu mpaka mia moja, kiganja kikajaa maji kiasi cha kunawa uso. Kutoka hapo mpaka kwenye lile vumbi tuliloliacha ni masaa mawili ya kutembea kwa miguu.

Tangu siku ile nimeacha kuamini kwamba ukijua hali ya hewa ya mjini unajua na ya mlimani.

Nimekuja kujifunza kwa nini inakuwa hivyo, mwanangu wa pili anasoma sayansi ndio aliyenieleza taratibu na mimi nikafuatilia mwenyewe. Upepo unaotuletea mvua unatoka bahari ya Hindi umebeba unyevu. Ukifika kwenye milima ya mashariki kule, Uluguru, Nguru, Ukaguru, Rubeho, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa hauwezi kubeba mzigo wote wa maji, unautua pale pale. Sisi Dodoma tupo nyuma ya hiyo milima, upepo unatufikia ukiwa umeshatua mzigo, ndio maana mji wetu una upepo mwingi na mvua kidogo, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na zote zinakuja msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, zikikatika ndio basi. Wakati msitu wa Kilimanjaro upande wa kusini unapata zaidi ya milimita 2,000. Sasa ule upepo uliochoka unaoendelea kuja huku kati, ukikutana na Hanang umesimama peke yake katikati ya tambarare, unapandishwa tena, unapoa tena, na yale maji machache yaliyobaki yanaangukia pale juu. Mlima mmoja unaokoa maji ambayo yangepita juu ya vichwa vyetu bure.

Na baridi. Hewa ikipanda mita 100 inapoa zaidi ya nusu nyuzi, kama nyuzi 0.6 hivi. Dodoma ipo mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Hanang 3,417, hesabu mwenyewe, tofauti ni karibu mita 2,300, maana yake siku Dodoma tunahangaika na nyuzi 30 za Novemba kule juu ni kama 15 au 16, na usiku sisi tukifunua shuka kwa joto kule juu ni nyuzi chache tu. Tulilala mlimani siku ile, kijana mmoja alikuja na shati la mikono mifupi na sweta ya shule ya mdogo wake, ilibidi tumpe blanketi mbili na bado tukasikia meno yake mpaka alfajiri. Mwingine alishikwa na kichwa mpaka akatapika, na hiyo sio uchawi wala chakula kibaya, ni hewa, kule juu hewa ni kama theluthi mbili ya ile iliyopo pwani, mtu anatakiwa apande pole pole, anywe maji na akizidiwa ateremshwe, asiambiwe ajikaze.

Kitu kilichonigusa zaidi, mimi kama muuza maharage, ni sufuria. Nilibeba maharage yangu mwenyewe, yale ya njano ambayo yanaiva haraka, nilikuwa nimeyaloweka tangu jana yake. Tukawasha jiko jioni, maji yakachemka vizuri yanatokota kabisa, tukasubiri saa moja, mawili, karibu matatu, kila nikichota moja nikiliminya kwa vidole ngozi inatoka lakini ndani gumu kama limetoka gunia. Mafuta ya jiko yakaisha tukala mkate. Kumbe kule juu maji yanachemka kabla hayajawa ya moto wa kutosha, hewa inayoyakandamiza ni nyepesi, kwa hiyo badala ya nyuzi 100 kama Dar es Salaam yanachemka kwenye 90 hivi, ukiongeza moto unapoteza mafuta tu, joto haliongezeki. Hata hapa Dodoma ni kama 96. Ndio maana wateja wangu wanaohamia kutoka Dar wananirudia wanalalamika mama maharage yako ya zamani, mimi nawaambia sio ya zamani jamani mmepanda mlima bila kujua, ongezeni muda au wekeni kwenye sufuria ya presha.

Asubuhi tukamaliza. Msitu ulishaisha, juu ya msitu ni vichaka vigumu vyenye majani madogo madogo kama sindano, afu nyasi na mawe, afu unatembea juu ya mgongo mrefu wa mlima, unadhani umefika unakuta kuna kingine mbele, huku na huku shimo. Juu kabisa nikaona Balangida inang'aa upande mmoja na upande wa pili mashamba ya Katesh kama vitambaa vimeshonwa, na kutoka chini ya miguu yangu yale makorongo yanaanza. Pale juu ni kamfereji ka upana wa mkono wangu. Nikakafuata kwa macho mpaka chini, kanakutana na kengine, na kengine, mpaka linakuwa korongo la kumeza lori, na mdomoni mwa korongo kuna mabati yanawaka jua. Nilimuuliza yule mzee wale watu hawaogopi? Akasema korongo lile halijawahi kujaa yeye akiwa na akili.

Mhariri, yale mabati niliyakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023.

Ile vuli Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza mapema kuwa mvua zitakuwa za juu ya wastani sababu ya El Nino, na kweli zilinyesha, ardhi ililoweka wiki na wiki. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili ikanyesha kubwa. Mimi nilikuwa Dodoma, asubuhi napanga magunia simu ikaanza kuita, dada mmoja ambaye ndio huwa ananikusanyia mzigo Katesh, anaongea simwelewi, analia, anasema mama mlima umekuja, mlima umekuja. Sikuelewa mpaka nilipoona picha. Matope, mawe makubwa kuliko gari, magogo, vyote vimepita katikati ya mji na vijiji kama Gendabi, vimefunika barabara, nyumba, soko. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kibanda alichokuwa anahifadhi mzigo wetu kilifukiwa mpaka kwenye bati, hicho sio kitu, mzigo ni mzigo, lakini mama mmoja aliyekuwa anapepeta na kuchambua maharage yangu kwa miaka sita, mikono yake ndio iliyonipa jina zuri hapa Majengo, hakuonekana mpaka siku ya tatu. Nilikwenda kuzika. Nilipofika lile tope lilikuwa limeanza kukauka, limekuwa gumu kama saruji, vijana wanalivunja kwa sururu kutafuta watu.

Wiki ile ile stendi na kwenye magrupu ya simu watu wakaanza kusambaza kuwa volkano imelipuka, na mpaka leo kuna abiria wananibishia ndani ya basi. Haikulipuka. Wataalamu wa jiolojia walikwenda na serikali ikaeleza, ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikaelemewa, ikakatika, ikageuka tope. Nasisitiza hili sababu mtu akiamini ni volkano anajua hakuna cha kufanya, ni Mungu tu, anarudi kujenga pale pale. Lakini kama ni maji, maji yanahesabika. Yale majivu ya zamani na mawe yaliyooza yanakaa kama sponji juu ya mteremko mkali, yakinyonya taratibu yanatoa chemchemi na kila mtu anafurahi, yakijaa kupita kiasi yanakuwa mazito afu maji ya ndani yanayainua, hayashikani tena, yanaachia kwa mkupuo, na yakishaachia njia ni ile ile, korongo.

Sasa ndio nifike kwenye ombi langu. Kila jioni nasikiliza utabiri, nasikia Dodoma, Singida, Manyara, mvua za wastani, vipindi vya jua. Manyara ipi? Manyara ina uwanda wa Simanjiro ambako ng'ombe wanatafuta nyasi, na ina kilele cha mita 3,417 chenye ukungu usiku kucha, huwezi kuvipa sentensi moja. Nimekaa Katesh mchana jua linawaka, nimeanika maharage kwenye turubai, wakati huo huo nusu ya juu ya mlima haionekani imefunikwa na wingu jeusi na baada ya saa moja korongo lililokuwa kavu linapita maji mekundu yanabeba matawi. Mtu wa chini hajalowa hata unywele. Anayepima mvua kwa kuangalia uani kwake atasema leo haijanyesha.

Naomba vipima mvua viwekwe juu, kwenye mteremko wenyewe, msituni na juu ya msitu, sio mjini tu. Kipima mvua cha kawaida sio mtambo wa ajabu, ni mkebe wenye mistari ya milimita unasomwa kila siku saa tatu asubuhi, watoto wa shule ya msingi wanaweza kukisoma na mwalimu akapiga simu. Wataalamu ndio watuambie zikifika milimita ngapi kwa siku ngapi mfululizo watu wa mdomoni mwa korongo waondoke, mimi siwezi kuwapangia, lakini hiyo namba itamkwe hadharani, iandikwe ukutani ofisi ya kijiji, kila mtu aijue kama anavyojua bei ya debe. Na watu wafundishwe dalili, maji ya mto yakibadilika ghafla kuwa tope au yakipungua ghafla wakati mvua inanyesha, hapo juu kuna kitu kimeziba, usisubiri. Ufa mpya kwenye udongo, miti iliyoinama ambayo jana haikuinama, mlio kama lori linapanda gia wakati hakuna barabara, ondoka, toka kwenye korongo panda pembeni, usikimbie kulifuata kwenda chini maana lina spidi kuliko wewe.

Msitu nao, naomba mniwekee hili vizuri msilikate. Ule msitu ndio unaokamata ukungu, na mizizi ndio inayoshika ule udongo wa juu. Kila kiangazi nikipita naona moshi mahali fulani mlimani, mtu kachoma ili nyasi zichipue au kafukuza nyuki. Sisi watu wa mkoa wa Dodoma hatuna haja ya kuhadithiwa ardhi iliyovuliwa nguo inafanana vipi, Kondoa tuliiona. Makorongo yalimeza mashamba mpaka serikali ikaanzisha HADO, yani mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 mifugo ikatolewa yote kwenye eneo lililoharibika, wazee wangu upande wa mama ni wa huko, waliswaga ng'ombe wao na kwenda kuishi kwa watu, ilikuwa uchungu mkubwa na mpaka leo wanausimulia. Lakini miti ilirudi. Nimeiona kwa macho yangu.

Na nyie wenye gazeti, ombi langu kwenu ni dogo. Kuanzia Oktoba mpaka Mei nipeni kisanduku kidogo pale mnapoweka bei za mazao, mkiandike Hanang, mvua ya juu na mvua ya chini, hata kama ni mara moja kwa wiki. Magari yanayotoka Dodoma usiku yanabeba magazeti mpaka Singida, na kutoka Singida madereva wa mizigo tunaofanya nao kazi wanapita Katesh, gazeti litafika, na dada yangu yule anayenikusanyia mzigo ameshaniahidi atalibandika mlangoni kwake kila Jumatatu. Amejenga upya, safari hii mbali na korongo, juu kidogo upande wa barabara ya Singida. Mimi nakwenda tarehe 12 kuchukua magunia arobaini, nikipata jibu lenu kabla ya hapo nitamfikishia mkononi.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku,
Mama wa maharage,
Soko la Majengo, Dodoma.